Mahali Chiriku Alipoingia Peke Yake

Tone. Kimya. Tone.

Bomba la jikoni lilikuwa linavuja kwenye beseni la plastiki, na Bi Uzi alikuwa amelala chali gizani akihesabu. Kila aliyeingia nyumba ile alimwambia aite fundi bomba, naye aliitikia ndiyo, ndiyo, kisha hamwiti. Bomba lile lilikuwa na kazi yake. Daktari wa masikio alikuwa amemweleza, kwa upole, huku amemshika mkono, kwamba sikio la kulia limeshakwenda na la kushoto linamfuata mwenzake taratibu. Labda mwaka, labda miezi. Basi kila alfajiri, kabla hajaweka mguu chini, Bi Uzi aligeuza sikio la kushoto kuelekea jikoni akasikiliza. Akisikia tone, anajua siku bado ni yake.

Alfajiri ile alihesabu matone thelathini, akaona yanatosha, akaamka. Ilikuwa siku ya kwenda kwa fundi kusikiliza mkanda.

Aliitwa Bi Uzi kwa sababu alikuwa mshonaji tangu ujana wake, na hukumkuta hata siku moja bila kipande cha uzi kimemganda mahali fulani, begani au kwenye sketi. Mumewe alikufa mapema. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Jina la ubatizo la mtoto huyo lilikuwa refu na zuri, ila tangu alipojua kusema hakuna aliyemwita kwalo, maana aliongea kutwa kucha, wakamwita Chiriku. Chiriku aliugua siku tisa, akafariki akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa ilikuwa miaka ishirini na sita tangu azikwe.

Picha zake zilikuwepo ukutani, nne. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimponyoka mama yake. Zamani alikuwa akifumba macho tu anaisikia ikitokea chumba cha nyuma: "Mama, umeuona mkasi?" Siku hizi maneno yalikuja vilevile, lakini yalikuja kwa sauti yake mwenyewe Bi Uzi. Wakati ule watu hawakuwa na simu za kurekodia. Mahali pekee duniani palipobaki na sauti ya Chiriku ni kwenye nyimbo za kwaya.

Na kwaya yenyewe haikuwa ya kawaida. Mwalimu wao alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alikuwa amelewa nyimbo za ibada za kale, zile zilizotungwa Ulaya miaka mia nne na zaidi iliyopita, kwa Kilatini, za kuimbwa bila kinanda wala ngoma. Sauti tupu. Sauti ya kwanza inaanza, ya pili inaidaka, ya tatu inaingia chini yake, besi inakuja kuzibeba zote, kama watu wanaopokezana mtoto aliyelala. Alizisikia mara ya kwanza kwenye santuri za padre mmoja mzee, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia kingine. Aliwafundisha vijana wa parokia neno kwa neno, mwaka mzima, mpaka wakaziweza.

Alikuwa na sheria moja. Alipita katikati yao wakiimba, ameinamisha sikio karibu na midomo yao, na akimsikia mtu mmoja peke yake, anasimama. "Nimekusikia," anasema. "Nikikusikia wewe, ujue umekosea." Alitaka wasichana wanne wa sauti ya kwanza wawe msichana mmoja, tena msichana asiye na jina.

Walirekodi kaseti moja kanisani, kwa mashine ya kuazima. Bi Uzi alinunua kaseti hiyo, na baada ya msiba akaicheza mpaka ikachujuka. Hakumpata mwanawe humo. Alijua yumo, lakini mwalimu alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno. Ilikuwa kama kuambiwa mtoto wako yuko ndani ya nyumba ile pale, na nyumba haina mlango wala dirisha.

Sasa, miezi miwili kabla ya asubuhi hii, mwalimu wa kwaya alikufa kwa uzee, na mjane wake alipokuwa akipanga vitu vyake alikuta sanduku dogo la bati. Alilileta mwenyewe kwa miguu, mama wa watu, na goti lake bovu, wala hakutaka hata kiti. Ndani kulikuwa na mkanda mkubwa wa gurudumu, na juu yake karatasi yenye mwandiko wa mwalimu:

"Uliokosewa. Haukutumika. Chiriku aliingia peke yake, kwenye neno *dona*, Agnus Dei ya mwisho. Nilimgombeza kupita kiasi. Apewe mama yake."

Bi Uzi alisoma mara tatu. *Dona* ni "utujalie" kwa Kilatini, katika sala ya Mwanakondoo wa Mungu. Aliikumbuka siku hiyo. Chiriku alirudi macho yamevimba, akajitupa kitandani na viatu vyake. "Nimewaharibia wote, mama. Watu ishirini na wawili wanaimba, mimi naropoka peke yangu kama kichaa." Bi Uzi alimvua viatu, akamwosha uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Hakuna mtu atakayejua."

*

Mdogo wake Bi Uzi, aliyekuwa akimsaidia kutoboa matundu ya vifungo na kupiga pindo, ndiye aliyemtafutia fundi. "Yupo mmoja, kati ya duka la dawa na duka la madaftari," alisema. "Wanamwita Fundi Kimya. Ana mashine za zamani zote. Ila jiandae, dada. Yule ukimsalimia leo, anakuitikia kesho."

Kweli, Fundi Kimya hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mvi zimeanza kando ya masikio. Chumba chake kilikuwa chembamba kama korido, redio zimepangwa mpaka darini, kila moja imefungwa kadi yenye jina la mwenyewe. Siku Bi Uzi alipopeleka mkanda, fundi alifuta kiti kwa mkono wa shati lake kabla ya kumkaribisha. Bi Uzi aliliona hilo.

Fundi aliunusa mkanda, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Umekula unyevu," alisema. "Gundi inanata. Nikiucheza hivi ulivyo, utabanduka. Nitauweka kwenye sanduku lenye taa, upate joto siku nzima, ukauke. Baada ya hapo unacheza mara moja. Mara mbili tukibahatika. Kisha basi, mama. Unabaki plastiki tupu. Kwa hiyo ukicheza nitauingiza kwenye kompyuta, nitausafisha, nitakupa kwenye flashi."

"Sawa, baba."

"Humu kuna nini?"

"Kuna mwanangu," alisema Bi Uzi. "Anaimba."

Fundi akamtazama vizuri. "Alikuwa mwimbaji mzuri?"

Karatasi ya mwalimu ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba, juu ya mapaja yake. Angeitoa tu. Lakini alimwona Chiriku amejikunja kitandani na viatu vyake, akakumbuka alivyomwahidi, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Hakuwahi kukosea," alisema. "Hata mara moja."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaliandika jina la Chiriku kwenye kadi.

*

Basi asubuhi ile ya matone thelathini, Bi Uzi alivaa gauni lake la kitambaa kizito, akachana nywele mara mbili, akatoka. Mdogo wake alimpigia kelele kutoka kwenye cherehani: "Unakwenda kwa fundi au unakwenda kuposwa?" Bi Uzi alicheka mpaka kona ya barabara.

Fundi alikuwa amemngoja. Hedifoni zake zilikuwa za zamani, sponji imechakaa, naye alikuwa amezivalisha kitambaa kipya cha pamba, kimeshonwa kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa ya mwanamume. "Nimeleta sauti yote upande wa kushoto," alisema. "Ulisema la kulia halisikii." Bi Uzi alikuwa amelitaja hilo mara moja tu, kwa kupita, siku ya kwanza. Akampapasa mkono.

Akavaa. Fundi akabonyeza.

Zilikuja. Loo, zilikuja safi, kama zimeimbwa jana! Hakukuwa na ile mikwaruzo ya kaseti. Alisikia ukubwa wa kanisa. Alisikia besi zikitandika chini, sauti ya pili ikipanda juu yake taratibu, na ile sauti ya kwanza, msichana mmoja asiye na jina, ikipita juu kama mtu anayetembea asitake kuamsha watu. Bi Uzi alifumba macho. Alikuwa ameisoma kaseti ya zamani mpaka anaijua: Agnus Dei ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Katika ya tatu wanaume wanabaki peke yao kidogo. Halafu ndipo lilipo neno lile.

Aliushika ukingo wa meza.

Wanaume walibaki peke yao. Walimaliza. *Dona*, waliimba wasichana pamoja, sawasawa.

Wimbo ukaendelea.

"Rudisha," alisema Bi Uzi.

Fundi akarudisha. Wanaume. Kisha wasichana, pamoja.

"Rudisha tena, baba. Kabla kidogo."

Mara ya tatu alifumbua macho. "Hapa palikuwa na mtu," alisema.

Na Fundi Kimya, ambaye kwa mwezi mzima hatabasamu, akatabasamu. "Umejuaje, mama? Palikuwa na msichana mmoja, kaingia kabla ya wenzake. Neno zima, peke yake. Nimeshughulika naye siku mbili. Nimemwondoa kabisa, hata pumzi yake haipo. Mtu asiyejua hawezi kugundua." Akainamisha kichwa, kama anaona haya kujisifu. "Nilisema, mama kaniambia mwanawe hakuwahi kukosea. Sitaki aje asikie kosa la mtu mwingine limekaa karibu na mwanawe."

Bi Uzi alizivua hedifoni. Alizilaza mezani, akaunyoosha waya wake.

"Huyo ndiye mwanangu," alisema.

Mwanzoni fundi hakuelewa. Kisha alielewa, na Bi Uzi akaona jinsi rangi ilivyomtoka. Aliigeukia kompyuta, akafungua hiki, akafungua kile. Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo na kuukuu. Kila alichosafisha alikuwa akikihifadhi juu ya kile cha kwanza, kwa kukosa nafasi. Akauchukua mkanda, akaupitisha kwenye mashine, akawasha. Gurudumu lilizunguka nusu, likalia kama mlango, likakwama. Chini ya kichwa cha mashine palikuwa na unga wa kahawia, laini, kama wa kutu. Fundi akaukinga kwa kiganja, akautazama.

"Mama," alisema.

"Ulifanya nilichokwambia," alisema Bi Uzi. "Mimi ndiye niliyesema uongo, baba. Kosa si lako."

Akachukua mkoba wake. Fundi alimvusha barabara akiwa amemshika kiwiko, akarudi bila viatu vyake kujua vinakanyaga wapi.

Nyumbani, mdogo wake alikuwa amelitayarisha neno la kumchokoza, mdomo tayari umefunguka. Alipouona uso wa dada yake aliufunga. Akasimamisha cherehani, akaweka chai, akamwekea sukari bila kumuuliza. Kisha akaichukua sare ya shule ambayo Bi Uzi alikuwa ameibakiza nusu, akaimalizia pindo mwenyewe. Siku ile hakuna aliyemkumbusha Bi Uzi kazi yoyote.

"Niliahidi hakuna atakayejua," alisema Bi Uzi jioni, chai imepoa mkononi. "Sasa kweli hakuna."

*

Siku ya nne, adhuhuri, mtu alibisha hodi. Alikuwa Fundi Kimya, amevaa shati la kwendea kanisani, sanduku la bati kwapani. Macho yake yalionyesha hajalala vya kutosha.

"Karibu, baba, karibu ndani. Ondoa hizo pamba kitini, zitupe popote."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa shaurini. "Nimejaribu kila njia, mama. Nimekwenda mpaka kwa aliyenifundisha kazi. Mkanda umekwisha. Nimekuletea sanduku, na flashi. Nimekuja kusema nisamehe."

"Nilishasema kosa si lako."

"Najua. Mimi ndiye nilikuwa sijasema."

Mdogo wake Bi Uzi akasukuma kikombe cha chai mbele yake. "Kunywa, fundi. Maneno yote hayo kwa siku moja yatakupasua mbavu."

Fundi akanywa. Bi Uzi alikuwa akimtazama muda wote huo, na jambo fulani lilikuwa linamjia polepole, alilotakiwa kuliona tangu siku ile kama asingekuwa amelemewa.

"Wewe ulimsikia," alisema.

"Nilimsikia."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi. Siku mbili nzima, nikitafuta pa kukata. Ninamjua kuliko…" Akasita. "Ninamjua vizuri."

"Basi niambie."

Fundi aliweka kikombe chini. Alisema kama anavyofanya kazi yake, kipande baada ya kipande, bila kuruka.

"Anaanza na pumzi. Ya puani, ya haraka, kama mtu aliyechelewa. Halafu *do*, inatoka chini kidogo ya mahali pake, anaipandisha. Wimbo wenyewe hautaki apandishe vile, lakini yeye anaipandisha, kama anapanda ngazi moja. Inang'aa. Haina ukali. Wale wenzake watatu sauti zao zimebana kidogo, kwa woga nadhani. Yeye hana woga, maana bado hajajua kuwa yuko peke yake. Kisha *na*. Katikati ya *na* ndipo anapojua."

"Anafanyaje?"

"Hanyamazi papo hapo. Anaimaliza. Inatetemeka, halafu anaimeza. Nilisikia kabisa anavyomeza mate. Na nyuma, mbali, kuna kijiti kinagonga ubao. Labda mwalimu."

Bi Uzi aliziba mdomo kwa kiganja. Kumeza kule! Chiriku akiwa mdogo, akikamatwa na sukari mdomoni, alikuwa anameza vilevile, kwa kishindo, macho yamemtoka, halafu anasema sijala kitu. Alikuwa amekisahau kishindo hicho kabisa, miaka yote hii.

"Imba kidogo," alimwambia fundi. "Inavyopanda."

"Mama, mimi sijui kuimba."

"Hivyo hivyo."

Fundi Kimya akakohoa, akakaza shingo, akaimba. Ilikuwa sauti ya kutisha, Mungu amsamehe. Mdogo wake Bi Uzi alijikaza, alijikaza, halafu ikamshinda. "Hapo tumekwisha! Mtoto wetu aliimba, huyu analia kama bawaba!" Wakacheka wote watatu, na fundi naye, mikono usoni. Bi Uzi alicheka mpaka kicheko kikageuka, na walipoona kimegeuka walimwacha alie, hakuna aliyemwambia nyamaza.

Alipojifuta uso, fundi aliomba redio. Bi Uzi alikuwa na redio yenye tundu la flashi, ya kusikilizia habari.

"Kuna kitu kimoja kimebaki," alisema fundi. "Nilikigundua juzi. Sijui kama ni kitu. Wakishaingia wote kwenye *dona*, mwanao hayumo. Aliona haya, akanyamaza. Wanaimba watatu tu. Mistari miwili mizima. Halafu anarudi, taratibu, wanakuwa wanne. Sauti inakuwa nyembamba, halafu inajaa. Hiyo sikuigusa, sikujua."

Akaisogeza redio karibu na sikio la kushoto la Bi Uzi, akaicheza. Wanaume walibaki peke yao. Wasichana wakaingia. Ulipita mstari, ukapita mwingine, ukapita mwingine.

"Umesikia hapo alivyorudi?"

Bi Uzi aliyatazama macho yale yaliyokosa usingizi. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angemtua mzigo.

"Sijasikia, mwanangu," alisema. "Kwangu mimi ni ileile. Sikio halinipi tena vitu vidogo."

Fundi hakukata tamaa, wala hakumwonea huruma kwa namna ya kumuumiza. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia. "Basi nitakuonyesha," alisema. Akarudisha wimbo, akanyanyua kidole kimoja kama mtu anayesema ngoja. Wasichana waliingia. Kidole kikabaki juu. Wimbo ulikuwa unapita, sauti ya pili inaidaka ya kwanza, besi inazibeba zote, na kidole bado kipo juu, hayumo, hayumo, amesimama pale kati ya wenzake na midomo imefungwa na machozi yanamjia. Kisha, polepole sana, fundi alikishusha kidole mpaka kikagusa meza.

"Hapo," alisema.

"Hapo," alisema Bi Uzi.

Walirudia mara nne. Mara ya nne mdogo wake Bi Uzi alikuwa ameegemea mlango, sindano mkononi, haishoni kitu.

Fundi alipoinuka, alisema ana redio za watu zinamngoja. Bi Uzi alimsindikiza mpaka mlangoni, akamtoa kipande cha uzi kilichomganda begani tangu alipokaa kitini, kisha akabaki ameushika mkono wa shati lake, hauachii.

"Utakuja tena?" aliuliza. "Njoo Jumapili, baba. Hata kama huna jipya. Njoo uniambie yaleyale."